Picha ya ukoo ya sm 60 kwa 20: karatasi inang'ang'ania A4

Dada wa Majengo (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kistudio hapa Majengo. Kazi zangu ni pasipoti, picha za 4R, za 5 kwa 7, na ratiba za ibada watu wakifiwa. Siku zote nachagua saizi iliyomo kwenye orodha, naprinti, mteja analipa, basi. Leo nimepata kazi ambayo haimo kwenye orodha.

Mnaijua Desemba ya huku. Waliotawanyika Dar, Mwanza mpaka Tunduma, wote wanapanda mlimani. Mama mmoja wa Kibosho akaniita nipige picha ya ukoo wake, watu 43 kwenye kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, safu mbili, migomba nyuma. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, siku hiyo aligoma kabisa kutoka mawinguni. Picha imekuwa ndefu, na mama hakungoja: kabla sijaprinti chochote ameshapita kwa seremala, fremu iko tayari, uwazi wake sm 60 kwa 20. Nguo imeshonwa, sasa mwili ndio utafutwe.

Printa yangu ni ya matangi ya wino, rangi sita, haimezi kitu kipana kuzidi A4. Karatasi ninayo. Jamaa wa mabango ameniuzia mabaki ya rola ya glosi, karatasi ya picha ya kung'aa, ya inchi 24, na nikikata kwa kukingama napata vipande vya sm 61.

Kwenye Photoshop nimekata picha 60 kwa 20, kwenye skrini imekaa vizuri. Nikajaribu kwanza kwa A4 ya kawaida. Imetoka katikati tu: babu, bibi na mashemeji. Wajukuu wa kulia na wa kushoto hawamo. Nikatiki Scale to Fit Media, wakatoka wote 43, lakini picha imekuwa saizi ya bahasha. Nimeingia Image Size, nimeingia Canvas Size, nimebadilisha namba zote, karatasi bado inasema A4. Hiyo 60 kwa 20 naiandika wapi? Fremu inafuatwa Jumamosi.

Mzee wa Shata (Moshi)

Kwa nini ujitese? Itume Arusha kwa mtu mwenye mashine ya rola, iletwe kesho na basi.

Dada wa Majengo

Kaka, nikishamlipa huyo wa mashine na basi, mimi nabaki na nini? Na mama ameshasema anataka na nakala.

Fundi Wino (Arusha)

Dada, unagonga mlango wa jirani. Image Size na Canvas Size zinahusu picha. Saizi ya karatasi Photoshop haina kwake, inaiuliza draiva, yaani programu inayoendesha printa, na draiva ikisema A4 basi ni A4.

Fungua Print, chagua printa yako, halafu bonyeza Print Settings. Hapo umeshatoka Photoshop, uko kwenye dirisha la draiva. Kwenye orodha ya saizi za karatasi shuka mpaka chini utafute User Defined au Custom, inategemea printa. Kabla hujaandika namba, angalia vipimo viko kwenye sentimita au inchi. Niliwahi kuandika 21 kumbe dirisha liko kwenye inchi, nikabaki namlaumu fundi aliyeniuzia printa.

Upana ni ule upande unaoingia mdomoni mwa printa, siyo upande mrefu wa picha. Ukiandika upana 60 itakataa, kwa sababu mdomo wake ni wa A4. Upana uwe 21, urefu 61. Kulala kwa picha utachagua ukirudi Photoshop, kile kialama cha karatasi iliyolala. Skeli iwe asilimia 100, Scale to Fit iondoe, Center iache.

Utaniuliza kwa nini 21 kwa 61 na fremu ni 60 kwa 20. Karatasi si lazima ilingane na picha, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu karatasi. Printa inaacha ukingo mweupe, mara nyingi milimita 3 hivi kila upande, na ile ya kuprinti bila ukingo kwa kawaida inakubali saizi zake maalumu tu, siyo hizi za kujitungia. Kwa hiyo kata karatasi 21 kwa 61, picha ibaki 60 kwa 20, utabaki na nusu sentimita kila upande. Ukimaliza unapitisha kisu.

Ila kipande kiwe kweli sm 61. Ukidanganya draiva, karatasi ikaisha mapema, wino utamwagikia ndani na picha zinazofuata zitatoka na mistari mgongoni. Na karatasi ya rola inajikunja. Ikunje kinyume, ilaze chini ya godoro usiku mmoja. Pembe ikiinuka, hedi, kile kichwa kinachorusha wino, inaikwaruza.

Kamera yako ni megapikseli ngapi?

Dada wa Majengo

24. Picha nzima ni 6000 kwa 4000, nimebakiza mkanda wa 6000 kwa 2000.

Fundi Wino

Safi, uwiano ni ule ule wa tatu kwa moja. Pikseli 6000 kwa sm 60 ni 254 kwa inchi. Iache hapo. Ukiilazimisha 300 kwa inchi, kompyuta itabuni pikseli ambazo kamera haikuziona, na nyuso za safu ya nyuma hazitaongezeka ubora.

Mwanafunzi wa Njiro (Arusha)

Shikamoo dada. Kama hiyo User Defined haipo kwenye draiva, kwa Windows kuna njia nyingine. Bonyeza Windows na R, andika printui /s. Kwenye Forms tiki Create a new form, ipe jina, weka vipimo, hifadhi. Inahitaji akaunti ya msimamizi. Ila printa isipoweza saizi hiyo, jina halitatokea kwenye orodha yake.

Mimi situmii Photoshop, natumia programu ya picha ya GIMP kwenye Linux. Huko karatasi inachaguliwa kwenye Page Setup, chini ya orodha kuna Manage Custom Sizes. Ukubwa wa picha ni Image, kisha Print Size.

Dada wa Majengo

Marahaba mdogo wangu. Nimerudi kutoa ripoti.

User Defined haikuwepo, au ipo mimi sijaiona. Nimefuata njia ya Forms, saizi nimeiita UKOO. Mara ya kwanza niliandika 61 kwenye upana, pamoja na Fundi kunionya, nikakaa robo saa natafuta jina la UKOO kwenye orodha halionekani. Nilipogeuza likaja lenyewe.

Kabla ya glosi nimeunganisha karatasi za kawaida kwa gundi zikafika sm 61, nikaprinti kwa rangi hafifu. Imepita. Kisha glosi, iliyokuwa imelala chini ya godoro, mume wangu analalamika inamkwaruzia usingizi. Mkia nimeushika kwa mkono isianguke. Imetoka yote.

Mama amekuja Jumamosi, akawahesabu kwa kidole mmoja mmoja mpaka 43. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na mlima uko wapi?"