Picha za kurasa zinalala ubavu: simu hujuaje upande wa juu?

Mjukuu wa Mkomani:
Assalamu aleikum, ndugu zangu. Marehemu babu yetu alituachia sanduku la tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kwa kuwa wino umeanza kufifia, na mchwa nao wametutangulia kuzisoma, nimeanza kuzipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, nikiwa nimezitandaza juu ya mkeka barazani. Mambo mawili yananitatiza. La kwanza, nimekaa mahali pamoja na kuishika simu namna moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kurasa nyingine zimesimama, nyingine zimelala ubavu, na mmoja umepinduka kichwa chini. La pili, hata zile zinazoonekana sawa kwenye simu zilitokea zimelala nilipozipeleka dukani kuchapishwa, na kijana wa duka akashikilia kwamba ni mimi niliyepiga vibaya. Simu hujuaje upande wa juu wa picha, na kwa nini ikaujua katika ukurasa huu na kuusahau katika ule unaofuata?

Fundi wa Langoni:
Waaleikumu salaam. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu humo ndimo ulimosingiziwa. Kihisi kinachopokea mwanga ndani ya kamera kimefungwa mahali pake wala hakigeuki unapoigeuza simu. Kwa hiyo, uishike wima au ubavu, nukta za picha husomwa safu kwa safu kwa mpangilio ule ule. Kinachobadilika ni maelezo mafupi ambayo simu huyaambatisha kwenye faili kwa utaratibu uitwao Exif, uliotolewa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1995. Humo, pamoja na tarehe na saa, mna namba moja kati ya 1 na 8. Namba 1 husema picha ionyeshwe ilivyo, 3 husema igeuzwe nusu mzunguko, 6 igeuzwe robo mzunguko kwa mwendo wa akrabu za saa, na 8 robo kinyume chake. Nne zilizobaki ni za picha zilizopinduliwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, nazo huonekana kwa nadra. Basi simu nyingi haziigeuzi picha yenyewe, bali huandika barua ya kumwomba atakayeifungua aigeuze. Programu ya kutazamia picha iliyokuja na Windows 7 haikuisoma barua hiyo, na hata kivinjari cha Chrome kilianza kuifuata chenyewe katika kurasa za wavuti mwaka 2020 tu. Tena zipo programu zinazoyafuta maelezo hayo picha inapotumwa, na zikiyafuta bila ya kuzigeuza nukta kwanza, barua imepotea na picha imebaki imelala. Kwa hiyo hukukosea, na huenda kijana naye hakukosea. Kompyuta yake ndiyo isiyosoma.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi:
Fundi ameeleza jinsi barua inavyosomwa. Mimi nieleze inavyoandikwa, maana ndiko lilikoanzia tatizo lako la kwanza. Kila mwashi anaijua timazi: uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaomwonyesha chini ni wapi. Simu nayo ina timazi yake, iitwayo aksilerometa, ambayo ni kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba sana. Ukiinamisha simu, uzito wa kipande hicho hukisogeza kidogo, umbali kati yake na vibao vilivyo kandoni hubadilika, na badiliko hilo hupimwa kwa umeme katika mihimili mitatu. Simu ikisimama wima na kutulia, karibu mita 9.8 kwa sekunde mraba huonekana kwenye mhimili wa urefu wake. Ikishikwa ubavu, kipimo hicho huhamia kwenye mhimili wa upana.

Sasa tazama wewe ulivyofanya. Umeielekeza kamera chini kwenye mkeka, na uzito wote umeangukia mhimili wa tatu, ule utokao mgongoni mwa simu hadi kwenye skrini, huku ile miwili mingine ikibaki karibu na sifuri. Timazi iliyolazwa mezani haimwambii mwashi kitu. Katika Android, programu ikiuliza mwelekeo wakati simu imelala hivyo hujibiwa -1, yaani haujulikani, na kwa kawaida kamera hushikilia mwelekeo wa mwisho iliokuwa nao. Ukiinama kufungua ukurasa mwingine na mkono ukapinda kidogo, simu hupata dalili mpya, ikabaki nayo. Herufi haizitazami kwa ajili ya jambo hili. Haijui kwamba Bismillahi iko juu ya ukurasa.

Abiria wa Shela:
Je, si afunge tu ule mzunguko wa skrini katika mipangilio? Mimi nimeufunga miaka mingi, ingawa nakiri kwamba picha nilizopiga ndani ya mashua siku ya mashindano bado zilipinda.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi:
Kufuli hiyo huzuia skrini. Kamera mara nyingi huendelea kuiuliza aksilerometa hata hivyo. Ama mashua, timazi yoyote huyumba baharini, kwa kuwa aksilerometa peke yake haitofautishi uzito na msukumo wa wimbi. Simu zenye jairoskopu, ambayo hupima mwendo wa kugeuka, huviunganisha vipimo hivyo viwili na kukosea mara chache zaidi.

Fundi wa Langoni:
Kwa kurasa zilizobaki, isimamishe simu kwanza hadi alama za kamera kwenye skrini zigeuke zikuelekee, kisha ishushe polepole, na kabla ya kubonyeza uzitazame tena. Zile ulizokwisha kupiga, usiziguse za asili. Tengeneza nakala, igeuze, uihifadhi, na uifungue kwenye kompyuta ya duka kabla ya kulipia, kwa sababu baadhi ya programu, ukiziamuru zigeuze, hubadilisha namba tu bila kuzihamisha nukta.

Mjukuu wa Mkomani:
Ahsanteni sana. Nimejaribu baada ya alasiri kwa kurasa 20, na umelala mmoja tu, ambao niliupiga huku nikimfukuza paka aliyekuja kukaa juu ya utenzi.