Eti "rudi darasa la tatu"! Mbele ya wateja!

Wakuu, nimetoka ofisini sasa hivi, hata chai haishuki. Yule bosi, mnamjua, msinilazimishe kumtaja, kaniambia nirudi darasa la tatu. Mbele ya wateja!

Kisa? Nimepewa mkataba nitafsiri, una mstari huu: "Employees who arrive late often will be fined." Nikauliza kwa adabu zote: mkuu, hiyo "often" (mara kwa mara) inakwenda na kuchelewa au na faini? Anayekatwa ni mchelewaji sugu tu, au hata aliyechelewa siku moja anaweza kukatwa? Huo ni mshahara wa mtu! Jamaa akavua miwani, akaiweka mezani taratiiibu, akatamka kwa sauti iliyofika Kibaha: "Wewe rudi darasa la tatu." DARASA LA TATU! Mteja mmoja alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Mwaka 2017 madereva wa maziwa kule Maine, Marekani, walishinda rufaa kwa sababu ya koma iliyokosekana. Sheria, kwenye orodha ya kazi zisizolipwa ovataimu, iliandika "packing for shipment or distribution", haikueleweka kama kusambaza ni kazi inayojitegemea au ni sehemu ya kufungasha. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Mimi nimeuliza bure, naambiwa darasa la tatu. Na ile miwani yake!

Kobe_Mzee: Pole mkuu. Si ungeandika tu "wafanyakazi wanaochelewa mara kwa mara watatozwa faini" ukaenda zako kula?

Mleta mada: Soma tena ulichoandika. Hiyo "mara kwa mara" yako nayo inakwenda wapi?

Kobe_Mzee: Duh. Basi twende wote darasa la tatu 😂

Shangazi_T: Ngeli ndiyo dawa. "Gari la mwalimu jipya", "gari la mwalimu mpya", hapo nani atabisha? Ila "mtoto wa mwalimu mrefu" mtashikana mashati.

Utingo: Mkataba wetu uliandikwa mshahara "biweekly". Tukashangilia tukidhani ni mara mbili kwa wiki, kumbe kila baada ya wiki mbili!

Mama_Pili: Wewe unalipwa kila wiki mbili na unalalamika? Sisi tangu mwezi juzi "mfumo unasumbua".

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye uzi. Mbele ya WATEJA...

Utingo: Mama Pili, hata kwenu ni mfumo? Mwenye nyumba wangu hataki kulisikia hilo neno.