Mtoto wa selimundu anaogopa sindano, tumsaidieje?

Mama Nuru
Habari zenu wapendwa. Mtoto ana miaka 4 na selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), uzito kilo 14. Kila akilazwa ni kanula (kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani), kutolewa damu, mara nyingine kuongezewa. Sasa akiona tu trei ya sindano anapiga mayowe, mpaka ashikwe na watu watatu. Naomba kujua cha kufanya kabla na wakati wa sindano, na nimwambie nini. Je, nimpe parasetamo kabla ya kutoka nyumbani ili asiumie?

Nesi wa Watoto
Pole sana mama. Anzeni na huko kushikwa. Mtoto akilazwa chali na kubanwa na watu wazima, hofu inazidi hata sindano yenyewe. Mpakate, kifua kwa kifua, miguu yake ikizunguka kiuno chako. Mkono wa kutolewa damu upite chini ya kwapa lako, ulale juu ya mto, na nesi wa pili aushike juu ya kiwiko na kwenye kifundo. Hapo anakusikia unavyopumua, na mkono hauchezi.

Pia uliza kama wana ganzi ya kupaka, ile yenye lidokeini na prilokeini. Hupakwa nene juu ya mshipa bila kusuguliwa, ikafunikwa kwa plasta ya plastiki na kuachwa dakika 60. Wengi huifuta baada ya robo saa, kisha wanasema haifanyi kazi! Omba wapake sehemu mbili, ili mshipa wa kwanza ukikataa wasichome ngozi isiyo na ganzi. Ganzi hii hufanya ngozi ipauke na mshipa ujifiche, kwa hiyo ikishafutwa subirini dakika kama 10, mkono ukiwa umefunikwa kwa kitambaa cha vuguvugu. Kama mtoto ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), mwambie daktari kabla haijapakwa.

Baba Imani
Naongezea upande wa maneno. Usimwambie "haitauma". Ikiuma mara moja tu, hatakuamini tena. Mwambie ukweli mfupi: "Utafungwa mpira mkononi, utabana. Kisha utachomwa, itauma kidogo, halafu tunafunga plasta." Kwa umri huo mwambie siku hiyohiyo, ukimwambia wiki moja kabla, ataibeba hofu wiki nzima. Mpe kazi: kupuliza mapovu ya sabuni taratibu, pumzi ndefu. Achague mkono upi, au atazame au asitazame. Usimuulize "tuchome sasa?" kama jibu la "hapana" halitakubaliwa.

Kuna kosa dogo linalofanywa kwa upendo: kurudia "pole, pole, pole mwanangu" huku sauti inatetemeka. Mtoto anasikia kuwa jambo baya linakuja. Afadhali mhesabu vidole au mwimbe. Na nyumbani, tafadhali, sindano isitumike kumtishia: "usipokula nitakupeleka uchomwe."

Anywe maji ya kutosha tangu siku iliyotangulia, mishipa ijae. Wengine hushauri barafu ili kutia ganzi. Kwa mtoto wa selimundu, hapana: baridi hubana mishipa na inaweza kuamsha maumivu ya mifupa.

Mfamasia
Kuhusu parasetamo: haizuii uchungu wa sindano, hivyo usimpe kwa sababu hiyo. Ni ya maumivu ya mifupa, miligramu 15 kwa kila kilo. Kilo 14 ni miligramu 210, yaani karibu mililita 8.5 za sharubati yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa kila unapomimina, kwa sababu ipo ya miligramu 250 kwa mililita 5, na ukizichanganya unazidisha dozi mara mbili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha, si kijiko cha chai. Dozi na dozi zipishane angalau saa 4, zisizidi 4 kwa saa 24.

Pima joto KABLA ya kumpa. Likifika 38.5, mpeleke hospitali wakati huohuo, hata kama homa itashuka baada ya dawa. Bandama ya mtoto wa selimundu hailindi vizuri dhidi ya bakteria, na maambukizi ya damu huenda kwa kasi.

Mama Nuru
Asanteni mno. Na wakichoma mara mbili wakakosa mshipa?

Nesi wa Watoto
Omba kwa upole aitwe mwenye uzoefu zaidi na watoto. Ni haki ya mtoto, hakuna nesi makini atakayekasirika. Muulize pia kama damu ya vipimo inaweza kuchukuliwa palepale kanula inapowekwa, ili asichomwe mara ya pili. Ikishawekwa, itazame kila dawa inapopita: mkono ukivimba, ukawa wa baridi au akalia dawa ikiingia, dawa inavuja nje ya mshipa. Waite wasimamishe papo hapo.