Tupeane uzoefu: uliingiaje kwenye utafiti wa watumiaji?

Kipepesi
Wakuu, leo nimeangushwa kwenye usaili wa tatu wa kazi hii ya kuchunguza watu wanavyotumia bidhaa na wanapokwama. Kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili, na hakuna anayekubali kukupa ule mwaka wa kwanza. Nimesoma saikolojia. Nyie mlipita mlango gani? Naomba visa vyenu, orodha za kozi ninazo.

Sikio la Mbali
Nilikuwa huduma kwa wateja, napokea simu. Kila wiki watu wanakwama palepale: wanabadili nywila, namba ya kuthibitisha inafika muda wake umeshapita. Nikaanza kuandika kwenye daftari nani kapiga, alitaka kufanya nini, kakwama wapi, kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya miezi minne nikampelekea meneja wa bidhaa kurasa mbili. Cheo kilikuja mwaka uliofuata, kazi nilikuwa nimeshaianza.

Jongoo2
Hapo kwenye "maneno yake mwenyewe" naunga mkono.

Mpima Kamba
Daftari zuri, lakini bila takwimu usaili utakushinda. Anza na dodoso la John Brooke la 1986 la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lina maswali 10 tu.

Sikio la Mbali
Usimtishe kijana. Kuwatazama watumiaji watano wakijaribu bidhaa kunatosha kuanzia; Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, kaandika tangu 2000 kwamba watano wanafichua 85% ya matatizo.

Mpima Kamba
Ndugu, ile 85% ina sharti: kila mtumiaji awe anafichua wastani wa 31% ya matatizo. Na ni hesabu ya kutafuta matatizo, haipimi ukubwa wake. Ukimwambia bosi "60% wameshindwa" kumbe ni watu watatu kati ya watano, umempotosha.

Sikio la Mbali
Mimi nimesema aone. Kupima umeleta wewe.

Kimya Kingi
Samahani nawakatiza, mada hii imenirudisha mbali. Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Tunajaribu fomu ya kujisajili, mimi nimekaa na mama mmoja, wenzangu wanatazama kwenye skrini chumba cha pili. Akafika kwenye kisanduku cha idadi ya watoto. Akaandika 3. Akafuta. Akaandika 2. Akafuta tena. Mimi nikanakili: "anasitasita, huenda maelekezo hayaeleweki." Nikamwomba aseme kwa sauti anachofikiria, kama nilivyofundishwa. Akasema, "Sijui nimhesabu au nisimhesabu. Tumemzika mwezi uliopita." Machozi yakamtoka. Nami, kwa woga, nikasoma swali lililofuata kwenye karatasi. Nilisoma swali lililofuata! Kurekodi kunaendelea. Mwenzangu ndiye aliyeingia, akazima, akamletea maji. Usiku ule niliandika barua ya kuacha kazi, sikuituma.

Jongoo2
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Mpima Kamba
Pole. Ile rekodi mliifuta?

Kimya Kingi
Tulimuuliza yeye, akasema ifutwe. Ikafutwa siku hiyohiyo, na malipo yake alipewa yote.

Sikio la Mbali
Kipepesi, jifunze kunyamaza kwanza. Mengine yatakuja.

Kimya Kingi
Hapana kaka, ajifunze kusimamisha kwanza. Kunyamaza nilikuwa nakujua.

Mpima Kamba
Ajifunze vyote, na takwimu.

Kipepesi
Nashukuru wote. Daftari naanza kesho, kuna jamaa zangu watatu wanaohangaika na programu moja ya malipo. Dada Kimya, kile kisanduku kiliishiaje?

Kimya Kingi
Kiliondolewa. Niliuliza idadi ya watoto inatumika wapi baada ya mtu kujisajili. Hakuna aliyejua.