Jibu: Kuhama Minnesota kwenda Texas, na namna wenyeji wanavyoitazama serikali

Ndugu wanajumuiya,

Dada aliyeuliza iwapo kuhama Minneapolis kwenda Fort Worth kutampunguzia kodi amekwisha kupata majibu mengi ya hesabu, nami sitayarudia. Ninaloongeza ni kwamba anakwenda kwa watu wanaoitazama serikali kwa jicho jingine, na asipolijua hilo mapema atabisha hodi kwenye milango isiyohusika.

Minnesota iliathiriwa sana na walowezi wa New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) na wa Skandinavia, na Daniel Elazar, mtaalamu wa siasa aliyeyagawa majimbo ya Marekani kwa utamaduni wa kisiasa mwaka 1966, aliiweka katika kundi la wanaoamini kwamba serikali ipo kwa manufaa ya wote. Kodi ya mapato huko huanzia asilimia 5.35 na kufika 9.85, na mtu mzima mwenye kipato kidogo aweza kupata bima ya afya ya serikali hata kama hana mtoto. Texas haitozi kodi ya mapato, na tangu 2019 katiba yake inaikataza. Lakini pia imekataa kuipanua Medicaid, yaani bima hiyo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo mtu wa umri wa kufanya kazi asiye na mtoto, ujauzito wala ulemavu hana pa kuingilia, awe fukara kiasi gani. Dada, usiache kazi uliyo nayo kabla hujaona kwa maandishi kwamba kazi mpya ina bima.

Mashaka ya Texas juu ya serikali yana historia. Katiba ya 1876 iliandikwa na watu waliochukizwa na mamlaka makubwa ya Gavana Edmund J. Davis baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, nao wakayagawa vipande vipande. Hadi leo kikao cha kawaida cha bunge la jimbo hufanyika mara moja kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140.

Hata hivyo, si kweli kwamba hawataki serikali. Wanaitaka iwe karibu, mahali wanapoweza kuibana. Gari utalisajili katika ofisi ya kodi ya kaunti, na wilaya ya shule ina bodi yake ya kuchaguliwa na kodi yake, ambayo hutozwa kwenye nyumba na ndiyo inayoumiza. Karibu na mwezi Aprili utapokea barua ya uthamini wa nyumba, ambao ndio msingi wa kodi hiyo, na una haki ya kuupinga hadi Mei 15, au siku 30 tangu barua ilipotumwa ikiwa tarehe hiyo ni ya baadaye. Jirani yangu, mzee asiyetaka hata kusikia Washington, yaani serikali kuu, ikitajwa, hufika mbele ya jopo la kusikiliza mapingamizi akiwa na faili la picha za nyufa za msingi, kwa maana udongo wetu wa mfinyanzi hupasua nyumba, pamoja na makadirio ya fundi. Mzee huyo huyo anaishi chini ya chama cha wenye nyumba kinachompangia urefu wa nyasi na rangi ya mlango, wala halalamiki. Hilo bado linanishangaza.

Vilevile usiwahesabu Watexas wote kuwa kitu kimoja. Habari za uhuru wa watumwa zilitangazwa Galveston tarehe 19 Juni 1865 na jeshi la serikali kuu, na ni sheria ya Washington ya 1965 iliyolinda kura za Weusi wa Kusini, kwa hiyo wazee wengi Weusi humwogopa zaidi mwanasiasa wa jimbo kuliko yule wa mbali.

Mwanajumuiya, Fort Worth

Nyongeza kutoka New Hampshire:

Nakubaliana na ndugu yangu, ila Kaskazini nako kumegawanyika. Huku kwetu mshahara haukatwi kodi ya jimbo, dukani hakuna kodi ya mauzo, na mtu mzima halazimishwi kufunga mkanda wa gari. Lakini katika miji midogo mingi wakazi hukutana mwezi Machi na kuipigia kura bajeti kifungu kwa kifungu, hata fedha za gari la kuondolea theluji. Bili ya kodi inayotozwa kwenye nyumba nayo ni nzito kama ya Texas. Dada, ukinunua nyumba huko Texas, omba mapema nafuu ya kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, kwa kuwa hupewi mpaka ujaze fomu.