Harusi ya Mandara, Kilimanjaro: tunaotoka Mwanza tupeane uzoefu

Wadau, kadi zimeshafika. Ndoa inafungwa Mandara, kambi ya vibanda mlimani, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita 8 hivi kwa miguu kutoka geti la Marangu. Sisi tumezoea ziwa, mita 1,134. Mnaoujua mlima, leteni vitu vya kufanya.

Dereva, Nyegezi
Msipande siku mliyoshuka kwenye basi. Mwanza hadi Moshi kupitia Singida, Babati na Arusha ni kukaa kutwa nzima. Miguu huvimba na mwili huwa umekauka maji. Fikeni siku mbili kabla, laleni Marangu, kesho yake mtembee kidogo tu. Kamati ipewe majina na namba za vitambulisho mapema, maana getini kila mgeni huandikishwa na kulipiwa. Mmoja akiongezwa asubuhi ile, msafara mzima unasimama.

Muuguzi, Igoma
Kanda yetu ina sikoseli nyingi, kwa hiyo hili lisiachwe. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande bila daktari wake kuridhia. Hewa nyepesi na baridi huamsha maumivu. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ateremke na apelekwe hospitali.

Kwa wengine, kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza saa kadhaa baada ya kufika. Pumzika, kunywa maji, meza paracetamol, usiongeze kimo hata kwenda kupiga picha kreta ya Maundi, juu kidogo ya kambi. Pombe iacheni usiku wa kwanza: uchovu wake unafanana mno na ugonjwa wa mlima, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mkitilia shaka, mwambieni mtu atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akipepesuka, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa tu, mteremsheni saa hiyohiyo, hata kama keki haijakatwa. Dawa ya acetazolamide, ya kuzuia ugonjwa huo wa mlima, huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Muulize daktari kwanza, hasa kama salfa inakudhuru.

Fundi cherehani, Makoroboi
Sare ya satini ni nzuri, ila mpeni fundi vipimo mkiwa mmevaa fulana nzito ya mikono mirefu na taitsi ndani. Gauni likishonwa la kubana, mtaishia kulifunika kwa koti. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, na jua likizama baridi inakuja kwa kasi. Fulana ya ndani isiwe ya pamba. Ikilowa jasho njiani haikauki, na jasho hilo ndilo linalowatetemesha watu ukumbini. Pindo liishie sentimita 10 juu ya kifundo, maana msituni kuna mizizi na tope. Kilemba kifungwe kwa pini.

Mpishi, Kirumba
Kule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, maharage hayaivi haraka. Yaivisheni chini, yapande kwenye hotpoti. Sato wakavu wa wakwe wabaki Marangu pamoja na zawadi zote.

Swali: viatu vya visigino virefu?

Fundi, tena: Vibebwe kwenye begi, mvae raba zenye meno zilizokwisha kuvaliwa wiki mbili. Kucha za miguu zikatwe kabla ya safari. Wakati wa kuteremka kidole gumba hugonga mbele ya kiatu kila hatua, na ukucha mrefu hufika getini umeshakuwa mweusi.