Flashi ya Linux inawaka ofisini, kwenye laptopu ndogo ya zamani inagoma. Nakosea wapi?

Dagaa_wa_Ziwa
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada.

Nina kalaptopu ka inchi 10, ka mwaka 2009, Intel Atom N270, RAM 1GB, diski 160GB. Kalikuwa ka dada yangu, kamelala kabatini tangu amalize chuo. Mwanangu yuko darasa la sita, nataka kawe kake: aandike, asome PDF za masomo, basi. Windows XP iliyomo imechoka. Unawasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inazunguka.

Niliambiwa dawa ni Linux nyepesi, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Nikapakua Lubuntu mpya, zaidi ya GB 3, bando la usiku lote likaishia humo. Nikaichoma kwenye flashi ya 16GB kwa Rufus, ile programu ya kutengenezea flashi ya kuwashia kompyuta. Kwenye kompyuta ya ofisini inawaka vizuri tu. Kwenye kadogo napata skrini nyeusi na maneno haya:

This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU.

Nimechoma upya mara tatu. Nikichagua GPT badala ya MBR (aina mbili za kupanga flashi), flashi haionekani hata kwenye menyu ya kubuti, yaani ya kuwashia. Natanguliza shukrani.

Nyundo
Flashi feki hiyo mkuu. Hizi za barabarani zinaandikwa 16GB kumbe ndani ni 4. Nunua nyingine.

MzeeBaba
Mtoto wa darasa la sita na Linux wapi na wapi? Piga Windows 7 ulale.

Dagaa_wa_Ziwa
@Nyundo ingekuwa feki ingewaka ofisini?

Nyundo
Inaweza. Kama faili hazijavuka ile sehemu ya kweli, hutajua. Ila nakubali, ngoja waje wataalamu.

Shangazi_wa_Tanga
Dagaa, flashi yako nzima na Rufus umeitumia sawasawa. Kompyuta yenyewe imeshakujibu, soma tena hayo maneno: mfumo uliopakua unataka prosesa ya biti 64, na yako ni ya biti 32. N270 ilitoka 2008 na haijui biti 64 kabisa. Ungekuwa na N450, ile ya 2010, Lubuntu ingebuti, ingawa kwa RAM hiyo ungejuta. Ndiyo maana kuchoma mara tatu hakukusaidia, na hata ukichoma mara thelathini.

Tatizo ni kwamba wengi wameacha kutoa biti 32. Lubuntu iliishia toleo 18.10. Debian, Linux ambayo nyingine nyingi zimejengwa juu yake, toleo 13 la Agosti 2025 haina tena faili ya kusakinishia kwenye mashine kama yako. Kimbilio moja ni vilivyojengwa juu ya Debian 12, na mimi ningekupeleka kwenye antiX 23, Linux nyepesi. Kwenye ukurasa wa kupakulia chagua yenye 386 kwenye jina, usichukue x64. Chukua ile ya "base", haifiki hata nusu ya ile Lubuntu, bando halitakulilia.

Faili ikishaingia, kabla ya kuichoma, ipime. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Mlolongo wa herufi na namba utakaoutoa ulinganishe na ule ulio kwenye tovuti yao. Ukipishana hata herufi moja, faili imeharibika njiani. Watu wanaruka hatua hii halafu wanasingizia flashi.

Kwenye Rufus: MBR, na upande wa mfumo lengwa chagua BIOS. BIOS ni programu ya zamani ya kuwashia kompyuta; mashine yako haina UEFI, ile mpya iliyoirithi, ndiyo sababu GPT ilikuwa haionekani. Rufus ikikuuliza uandike kwa ISO au DD, chagua DD, inayonakili faili nzima kama ilivyo. Ukimaliza, Windows itadai flashi haisomeki, inataka kuifomati. Kataa! Hapo ndipo wengi wanapofuta kazi yao wenyewe.

Na wewe MzeeBaba, Windows 7 kwenye RAM 1GB ni kumtesa mtoto. Halafu Microsoft wameshaacha kuitunza tangu Januari 2020.

MzeeBaba
Nimenyamaza shangazi.

fundi_kona
Shangazi kamaliza. Naongeza kwa wanaochomea ndani ya Linux kwa amri ya dd: kabla ya kubonyeza Enter piga lsblk, inayoorodhesha diski, uangalie ukubwa wake, ndipo ujue flashi ni sdb au sdc. Mimi mwaka ule niliandika of=/dev/sda kwa haraka, yaani diski ya kompyuta yenyewe badala ya flashi. Amri haikuuliza swali hata moja. Picha za harusi ya kaka zilikuwemo, na hadi leo shemeji akiniona anakumbushia.

Dagaa, geuza kalaptopu, kama kuna kifuniko cha RAM, tafuta DDR2 ya 2GB uchomeke. Zaidi ya hapo bodi hiyo haipokei, usidanganywe ununue ya 4.

Mwajuma_K
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi sina kompyuta nyingine ya kuchomea, nina simu tu. Ndiyo basi?

Shangazi_wa_Tanga
@Mwajuma_K siyo basi mwanangu. Kama simu ni Android na inakubali waya wa OTG (wa kuchomekea flashi kwenye simu), weka programu inaitwa EtchDroid. Inaandika ISO, yaani faili za kusakinishia, za Linux moja kwa moja kwenye flashi, wala huhitaji kuruti simu (kuifungua ulinzi wake). Chaji simu kwanza, na usiguse waya hadi imalize. ISO ya Windows usijaribu, hiyo haitabuti.

Dagaa_wa_Ziwa
Shangazi shikamoo. Nimepakua base ya 386 usiku wa jana, leo nimeipima, mlolongo umelingana, nikachoma kwa DD. Windows ikadai kufomati, nikakataa kama ulivyosema. IMEWAKA! Nikiangalia, inakula RAM kama MB 200 hivi. Mwanangu kashaandika jina lake kwa herufi kubwa skrini nzima.

Maswali mawili. Inaniomba neno la siri na mimi sijaweka lolote. Halafu simu nimeiunganisha kwa USB, intaneti inasoma, lakini kila tovuti brauza inasema si salama. Kuna virusi?

Shangazi_wa_Tanga
Marahaba. Ukiwa bado unatumia kutoka kwenye flashi, mtumiaji ni demo na neno la siri ni demo. Ukishasakinisha kwenye diski utaweka lako. Hamisha kwanza vitu vya dada yako vilivyomo, kusakinisha kutafuta diski.

Hiyo ya pili, angalia saa pale chini kwenye kona. Inasema mwaka gani?

Dagaa_wa_Ziwa
2009 😂

fundi_kona
Betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa kompyuta ikizimwa, imekufa. Kompyuta inadhani tuko 2009, kwa hiyo vyeti vya usalama vya tovuti zote inaona kama havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe sasa hivi na brauza itatulia. Ukizima na kuchomoa chaji itarudi kulekule, kwa hiyo fungua chini uone betri. Nyingine ni CR2032 ya kawaida, ila kwenye hizi ndogo mara nyingi ina nyaya mbili na plagi. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani, usieleze kwa mdomo.

Dagaa_wa_Ziwa
Tarehe nimeweka, tovuti zinafunguka. Kesho napitia dukani na betri mfukoni. AbiWord, ile programu ya kuandikia, naiweka vipi?

Nyundo
Terminali: sudo apt update, ikimaliza sudo apt install abiword. Na flashi yako haikuwa feki, nimeyala maneno yangu.